UZI: Dawa iliyokatazwa Ulaya inafanya nini kwenye nyanya zako?

Kila mara mjadala wa chakula ukirudi kwenye runinga, watu wawili wanakaa kila mmoja upande wake wa meza. Wa kwanza anasema "wanatulisha sumu". Wa pili anasema "bila dawa nchi italala njaa". Mtangazaji anaangalia saa, matangazo yanaingia, tunaenda kulala. Sisi huku chini tunabaki kutukanana hadi asubuhi.

Nimeufuatilia huu ubishi kwa miaka kadhaa na nimechoka kuona unaanzia katikati kila siku. Wacha niwapeleke nyuma kidogo. Ni uzi mrefu, weka chai. Na sitataja chama wala mheshimiwa yeyote, kwa hivyo msinitafutie upande kwenye maoni.

Kwanza neno lenyewe. Vitabu vinasema "viuatilifu". Shambani hakuna anayesema hivyo. Tunasema "dawa". "Nimepiga dawa." "Nyanya zinataka dawa." Neno hilo hilo ndilo tunampa mtoto akiwa na homa. Sidai kwamba lugha ndiyo iliyotuponza, lakini ukimwambia mtu "usipige sumu leo, unavuna kesho" anakuelewa tofauti na ukimwambia "usipige dawa". Nitatumia dawa kwa sababu ndilo neno letu, ila kumbuka ninazungumzia nini.

Haya. Kenya haikuanza kama mnunuzi wa dawa za wadudu. Ilianza kama muuzaji. Pareto, lile ua jeupe la kule Molo, Kinangop na Kisii, liliingia nchini mwishoni mwa miaka ya 1920. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, Japani ndiyo ilikuwa ikitawala soko. Vita vilipoikata Japani na wanunuzi wake, Kenya ikapanda, na kwa miongo mingi ikawa ya kwanza duniani. Dawa iliyoua mbu na viroboto kwenye nyumba za Marekani ilitoka kwenye maua yaliyochumwa kwa mkono Nyandarua na Nakuru.

Pareto ina tabia moja: jua linaivunja haraka. Kwa mlaji hiyo ni sifa nzuri, kwa mwenye shamba kubwa ni kero, maana lazima apige tena na tena. Mwaka 1973 wanasayansi wa Rothamsted kule Uingereza wakatengeneza permethrin, dawa ya maabara iliyoiga kemia ya pareto lakini haiogopi jua. Ongeza na madeni ya nyumbani, wakulima waliopeleka maua wakakaa miezi bila kulipwa, wakang'oa pareto wakapanda viazi. Leo tunanunua kutoka nje dawa za kizazi kilichozaliwa kwa kuiga ua letu wenyewe. Sijawahi kumsikia mwanasiasa akieleza hiki kichekesho kwenye mkutano, na kura ziko pale Molo.

Upande wa pili wa historia ni wa dawa kali. Mifugo kwanza. Wakati wa ukoloni majosho yalijazwa maji ya aseniki kupigana na kupe wanaoleta ndigana. Baadaye ikaja toxaphene na ndugu zake. Josho ni shimo, maji yake yakichoka yanamwagwa mahali. Wazee wengi wanajua mahali hapo, wengine walipalima.

Kisha ikaja DDT, na hapa lazima niwe mkweli hata kama itawaudhi wale wa "sumu". Kulikuwa na bonde linaitwa Kodera, kule Nyanza Kusini. Watu walikuwa wakipofuka kwa ugonjwa unaoletwa na nzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito inayoenda kasi. Mwaka 1946 wataalamu wawili, Garnham na McMahon, wakaanza kudondosha DDT kwenye vijito vya pale. Nzi wakaisha. Kazi ikapelekwa kwenye mito mingine ya Nyanza, na huo upofu ukaondoka upande huo wa nchi. Kuna watu wanaona leo kwa sababu babu yao hakupofuka, na aliyemwokoa ni DDT.

Kwa hivyo ukimsikia mtu akisema dawa hizi hazijawahi kutusaidia, amekosea. Shida ya DDT ni kwamba haiondoki. Inaingia kwenye mafuta ya mwili na kukaa. Rachel Carson alipochapisha Silent Spring mwaka 1962, alikuwa anaeleza hilo: kitu unachonyunyizia mdudu leo kinapanda kutoka kwa mdudu hadi kwa ndege, kutoka kwa samaki hadi kwa mtu. Marekani iliikataza mwaka 1972.

Huku kwetu, utafiti uliofanywa kati ya 1983 na 1985 ulipima maziwa ya akina mama kutoka maeneo mbalimbali ya Kenya na kukuta mabaki ya DDT. Maziwa ya mama, si ya ng'ombe. Mwaka 1986 DDT ikakatazwa kwenye kilimo, ikabaki nafasi ndogo ya afya ya umma. Hesabu mwenyewe: miaka 14 baada ya Marekani. Huo mwanya wa miaka ndio hadithi yote ninayotaka kuwaeleza, kwa sababu unajirudia.

Sheria tuliyo nayo ni ya 1982, ile ya kudhibiti bidhaa za wadudu waharibifu, Sura ya 346. Ndiyo iliyounda bodi tunayoijua kama PCPB. Kila chupa halali utakayoiona agroveti ina nambari ya usajili iliyotoka huko. Kabla yake kulikuwa na sheria ya chakula na dawa ya 1965, Sura ya 254, na ile ya afya ya umma ya 1921. Ongeza KEPHIS wanaokagua mazao, KEBS wanaoweka viwango, na baada ya katiba ya 2010, kaunti 47 zenye maafisa wao wa kilimo na wa afya.

Umeona shida? Bodi inasajili chupa. Afisa wa kaunti anafundisha mkulima, kama yupo. KEPHIS anakagua mzigo wa kwenda nje. Afisa wa afya anakagua hoteli. Sasa ile nyanya iliyotoka shambani saa kumi alfajiri ikafika Marikiti saa kumi na mbili, ni ya nani? Ukiuliza kila ofisi itakuonyesha ofisi ya jirani.

Sasa tuje kwenye kisa kinachonichoma kuliko vyote. Mishiri.

Mishiri ni yale maharagwe mabichi membamba ambayo wengi wanaoyalima hawayali. Yanalimwa Kirinyaga, Machakos, Meru, yanapakiwa, yanapanda ndege usiku. Mwaka 2012 mizigo ya Kenya ilianza kukamatwa Ulaya kwa sababu ya mabaki ya dawa inayoitwa dimethoate. Kuanzia Januari 2013 Umoja wa Ulaya ukaweka ukaguzi maalum: maharagwe na njegere za maganda kutoka Kenya, asilimia 10 ya mizigo ipimwe mpakani. Kila mzigo unaosimamishwa kupimwa ni gharama na ni siku zimepotea, na mishiri haingoji.

Kiwango walichoweka kilikuwa miligramu 0.02 kwa kilo. Hapa watu wa pande zote mbili hudanganya, kwa hivyo sikiliza. Kiwango hicho hakikuwa mstari wa "ukipita hapa unaugua". Kilikuwa kiasi kidogo kabisa ambacho mashine inaweza kukipima kwa uhakika. Maana yake ni kwamba dawa hiyo hawaitaki kabisa kwenye zao hilo. Mtu aliyekula mishiri ya kiwango mara mbili ya hapo hakuanguka. Lakini pia, hawakuwa wanatuonea: ni chakula chao, ni watoto wao, wana haki ya kusema hapana.

Serikali ilifanya nini? Ilikimbia. Dimethoate ikazuiwa kwenye mboga na matunda. Mikutano ikafanywa, wakulima wadogo wakafundishwa kuandika daftari la kila walichopiga na siku waliyopiga. Kampuni zinazouza nje zikaajiri watu wa kuzunguka mashambani. Wale ambao hawakuweza kutimiza masharti wakaachwa nje, na wengi wao walikuwa wenye robo eka.

Yaani uwezo tunao. Maabara zipo, wataalamu wapo, sheria ipo. Mlaji wa Amsterdam alilalamika na ndani ya miezi mambo yakasonga. Mlaji wa Kayole hajawahi kuwa na mpaka wa kusimamisha lori.

Na shamba ni lile lile! Mishiri huku, nyanya na sukuma wiki pale. Mkulima mmoja, pampu moja ya mgongoni. Zao la ndege lina daftari, zao la Marikiti lina simu ya broka.

Nieleze la broka kwa sababu wanaolaumu wakulima huwa hawalijui. Kila dawa ina siku za kungoja kati ya kupiga na kuvuna, zimeandikwa kwenye karatasi ya chupa. Tatu, saba, kumi na nne, inategemea. Mjomba wangu alilima nyanya Mwea miaka mingi. Broka hampigii simu kusema "nitakuja baada ya siku saba". Anapiga leo jioni: lori liko njiani, bei ni hii, ukikataa naenda kwa jirani. Na mvua ilinyesha jana, na ukungu ukishika nyanya unamaliza shamba kwa siku chache, kwa hivyo jana asubuhi alikuwa amepiga. Afanye nini? Karo iko pale inamngoja. Anavuna.

Ile nyeupe-nyeupe kwenye nyanya unayonunua, mara nyingi ni dawa ya ukungu, na ya kawaida sana ni mancozeb. Inakaa juu ya ganda, ukiosha vizuri kwa maji yanayotiririka na kusugua nyingi inatoka. Lakini kuna dawa za aina nyingine zinazonywewa na mmea zikazunguka kwenye majimaji yake. Hizo hazioshwi, hata kwa chumvi na siki. Najua shangazi amekutumia ile video. Pole.

Mancozeb yenyewe Ulaya iliikatalia upya wa leseni mwisho wa 2020. Na hapa tumefika kwenye kauli ambayo nadhani ndiyo inayorushwa zaidi mitandaoni: "imepigwa marufuku Ulaya".

Mwaka 2019 ombi liliwasilishwa Bunge la Taifa likitaka dawa hatari ziondolewe. Mwaka huo huo mashirika ya kiraia yakachapisha ripoti kwamba karibu theluthi moja ya viambato vilivyosajiliwa Kenya kwa kilimo cha mboga, matunda na maua vilikuwa vimeondolewa Ulaya au kuwekewa masharti makali. Tangu hapo kauli hiyo imekuwa rungu. Ni kauli ya kweli, ila si kamili.

Ulaya ilipofanya mapitio makubwa ya dawa zake, kazi iliyoisha mwaka 2009, ilianza na viambato kama 1,000. Vilivyopita ni kama 250. Lakini vingi kati ya vilivyoondoka, asilimia 67 ya vyote, viliondoka kwa sababu makampuni hayakuleta stakabadhi, au yalileta nusu, au yaliamua kujitoa. Soko dogo, utafiti ghali, kwa nini nihangaike? Vilivyopimwa vikaonekana havifai vilikuwa kama 70. Kwa hivyo "haipo Ulaya" inaweza kumaanisha ni hatari, na inaweza kumaanisha hakuna aliyetaka kulipia karatasi.

Mtetezi wa makampuni anapenda sana hapo, anataka nisimame. Sisimami. Kwa sababu kuna zile zilizokatazwa kwa sababu ya afya, waziwazi. Chlorpyrifos, iliyokosa kibali upya Ulaya mwaka 2020 kwa wasiwasi juu ya chembe za urithi na ubongo wa mtoto unaokua. Mwaka 2025 nchi zilizo kwenye Mkataba wa Stockholm zikaiingiza kwenye orodha ya dunia nzima, japo kwa nafuu kadhaa za muda. Paraquat, dawa ya magugu ambayo funda moja linaua na haina kiuasumu, iliondolewa Ulaya mwaka 2007. Iliendelea kutengenezwa Huddersfield, Uingereza, ipelekwe kwingine.

Hilo la kupeleka kwingine si maneno ya kijiweni. Nyaraka za forodha za mwaka 2018 zilionyesha nchi za Ulaya, Uingereza ikiwemo, ziliidhinisha kuuza nje zaidi ya tani 81,000 za dawa zenye viambato ambavyo wao wenyewe hawaruhusu mashambani kwao. Ufaransa ilianza kuzuia biashara hiyo kwa sheria mwaka 2022. Hoja ya wanaouza ni kwamba hali ya hewa na wadudu wa nchi nyingine ni tofauti, na kwamba nchi hizo zina bodi zao zenye akili timamu. Kwa maneno mengine: bodi yenu imekubali, tatizo liko wapi? Swali la haki kabisa, na ni sisi linatuhusu.

Glyphosate nitaipitia haraka kwa sababu hapo watu hupigana bila kusikilizana. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la WHO lilisema huenda inasababisha saratani. Mwaka 2016 jopo la pamoja la FAO na WHO linalopima mabaki ya dawa kwenye chakula likasema hakuna uwezekano mkubwa ilete saratani kupitia chakula. Mmoja aliuliza "simba ana meno?", mwingine akauliza "simba yuko kwenye ngome, atakufikia?" Ulaya ikaiongezea miaka 10 mwaka 2023. Kama mwanasiasa wako anaitumia glyphosate kama mfano wake wa kwanza, mwambie achague mwingine, iko mingi myepesi.

Kwa mfano Furadan. Carbofuran. Chembechembe za zambarau, zilizouzwa agroveti kwa bei ya soda. Ilikusudiwa kwa wadudu wa udongo. Watu wakagundua inaua chochote: simba aliyekula ng'ombe, tai waliokula mzoga wa simba. Kwenye mashamba ya mpunga ya Bunyala, kule Busia, ikatumika kuwinda ndege. Ndege hao wakauzwa. Wakaliwa. Kwenye chakula cha watu, kwa miaka.

Mwaka 2009 runinga moja ya Marekani ikaonyesha simba waliouawa, na kampuni iliyoitengeneza ikaiondoa Kenya na kununua tena ile iliyobaki madukani. Nafurahi kwa ajili ya simba, kwa kweli. Ila angalia mpangilio: dimethoate ilishughulikiwa kwa sababu ya mlaji wa Ulaya, Furadan kwa sababu ya simba. Mla ndege wa Bunyala hakuwa sababu ya chochote.

Kwa nini? Nadhani ni kwa sababu sumu hii huua polepole na bila saini. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 Makueni, Kitui na jirani. Walioumwa walihesabiwa 317. Ilikuwa ya ghafla, ilikuwa na majina na makaburi, na tangu hapo sumukuvu ina nafasi kwenye kila hotuba. Mabaki ya dawa hayafanyi hivyo. Mtu akipata ugonjwa akiwa na miaka 55, nani atasema ni sukuma wiki ya 2009? Hata daktari mwaminifu hawezi kusema. Na mwanasiasa hawezi kupigia kampeni kifo kisicho na tarehe.

Mwaka 2025 Serikali hatimaye ilisogea: makumi ya bidhaa yakaondolewa sokoni, nyingine nyingi zikawekewa masharti au kuingizwa kwenye mapitio. Nilisherehekea siku hiyo, sitaki kujifanya mgumu. Halafu nikauliza jambo dogo: mkulima akienda agroveti akakosa ile chupa aliyoizoea, anayemuuzia atampa nini badala yake, na nani atamfundisha? Chupa za njia za panya kutoka mpakani hazisomi tangazo la Serikali.

Kwa hivyo mheshimiwa akija kwako na "sumu" au na "njaa", muulize vitu vya karatasi. Kifungu cha 43 cha katiba kinataja chakula cha ubora unaokubalika. Cha 46 kinataja afya na usalama wa mnunuzi. Bajeti ya kaunti yetu imeweka shilingi ngapi kupima mabaki ya dawa kwenye soko letu? Sampuli ngapi mwaka jana? Matokeo yamebandikwa wapi? Maafisa wa nyanjani ni wangapi, na mara ya mwisho mmoja alipanda pikipiki kwenda shambani lini?

Mjomba niliyemtaja alikuwa na vitalu vinne vya nyanya, na nyuma ya jikoni mistari miwili tu ya nyanya dhaifu zenye matundu ya wadudu. Nikiwa mdogo nilimuuliza kwa nini zile za nyuma hazipigi dawa, si atapata nyingi zaidi. Akacheka, akasema, "Hizo ni zetu."